Kilo Mia Nne na Kumi za Mashine ya Soda

Treni? Treni ndiyo tuliyoanza nayo, tena asubuhi mapema, hata chai hatujatia mdomoni. Usidhani hatukuwa na akili. Ila yule bwana wa dirisha la mizigo alifungua daftari lake la bei, daftari nene kama tofali, akapitisha kidole kutoka juu mpaka chini, akafunua ukurasa, akapitisha tena. Ng'ombe walikuwemo. Jeneza lenye mtu lilikuwemo, na jeneza lisilo na mtu, kila moja na bei yake. Hata kinanda kilikuwemo. Mashine ya kuuzia soda haikuwemo.

"Haimo," akasema.

Binti yangu akamwambia kwa upole, "Kaka, andika friji. Ukiifungua, ndani ni friji tu."

"Friji halipokei hela."

"Basi andika friji linalopokea hela."

"Kinachopokea hela ni kasha la fedha, dada. Na kasha la fedha linasafiri na askari. Askari unamlipia wewe, kwenda na kurudi, na posho ya kulala."

Akafunga daftari. Tukatoka. Mbele kidogo kulikuwa na ofisi ya vifurushi vya mabasi, na msichana mmoja mwenye futi ya fundi cherehani shingoni. Huyo alikuwa na adabu zake. Alichukua vipimo tulivyoandika kwenye karatasi, akabonyeza kikokotoo, akatuambia mzigo wetu ni sawasawa na abiria saba.

"Na mkigawa maji na biskuti," mwanangu akamuuliza, "yeye atapewa chupa saba?"

Yule msichana akacheka mpaka futi ikaanguka. Lakini bei haikuanguka.

Ngoja kwanza nikueleze vizuri, nisije nikakuchanganya. Huyu binti yangu wa tatu ni fundi wa mafriji. Mimi namwita Mama, maana ana jina la mama yangu mzazi. Wengine wote wanamwita Fundi. Kazi aliifundishwa na marehemu mumewe, na mume alipofariki, akaziokota zile spana akaendelea nazo, ili wanawe wawili wapate kula. Alikuwa na kijichumba cha kazi karibu na soko. Mwenye chumba akapandisha kodi mwezi wa kwanza, akapandisha mwezi wa nne, na wa saba alipokuja tena mwanangu akamkabidhi ufunguo kabla hajafungua mdomo.

Sasa hospitali ya kwetu ina ukumbi wa kusubiri. Watu wanakaa humo tangu alfajiri na namba zao mkononi, watoto wanalia kiu, na ukitaka tone la maji baridi utoke nje uvuke barabara, ukirudi namba yako imeshaitwa. Mkuu wa wauguzi akamwambia mwanangu, "Fundi, pale kwenye kona kuna soketi. Ukileta mashine yako ya maji na soda ikasimama pale Jumatatu, kona ni yako. Isiposimama, kampuni ya soda wanaleta ya kwao, na mimi sitakuwa na la kusema." Mwanangu akauza pikipiki. Ile pikipiki ndiyo ilikuwa miguu yake, ya kwenda kwa wateja. Akiikosa ile kona, hana chumba, hana pikipiki, ana spana tu.

Na mashine aliyoipata iko ng'ambo ya pili ya nchi, safari ya siku mbili kwa basi, kwenye kiwanda cha nguo kilichokufa zamani. Walikuwa wanauza vitu kabla ya kubomoa. Aliipata kwa bei ya kutupa. Hatukujiuliza kwa nini inatupwa. Ilikuwa rahisi kwa sababu hakuna aliyejua ataiondoaje pale.

Siku yenyewe, ile tuliyoanza na treni hukohuko, ni Jumamosi. Saa kumi na mbili jioni geti linafungwa, na chochote kitakachobaki ndani ni mali ya mkandarasi wa kubomoa. Pale kwenye jukwaa la kupakilia mizigo, mtu wa chuma chakavu alikuwa ameshaweka mizani yake, kubwa ya kusimamia, amekaa juu ya ndoo anatafuna kijiti. Alitusalimia vizuri tu. "Msijali, mzee," akaniambia, "mkishindwa nitainunua kwa kilo." Ungedhani anatupa pole ya msiba.

Tulikuwa tumepata gari lakini. Wakati tumekaa tumeshika tama kwenye kibanda cha chai, mwanangu alisikia dereva mmoja analalamika. Lori lake ni la friji, lile la boksi jeupe la kubebea samaki na nyama. Wenzake wanamwita Barafu kwa sababu hiyo. Sasa mtambo wa ubaridi umekufa, miezi saba sasa, na lori la friji lisilo na ubaridi hakuna anayelipa mzigo. Alikuwa ameleta viti vya plastiki, anarudi tupu, na anarudi kulekule kwetu.

Mwanangu akasogeza kiti. "Kaka, nina friji langu moja. Kama kilo mia na hamsini hivi."

"Mia na hamsini nitalipakata," Barafu akasema. Wakapatana. Pesa aliyotaja ilikuwa karibu yote tuliyobaki nayo, lakini ilikuwepo. Akasema anaondoka saa kumi na moja, na hangoji mtu.

Basi tukaingia kwenye kantini ya kile kiwanda, na hapo ndipo nilipoiona kwa mara ya kwanza.

We acha tu. Nilijikuta nimevua kofia. Imesimama peke yake mwisho wa ukumbi, ndefu kunipita, mabega ya mviringo kama mtu mzima aliyevaa koti, wekundu wake umefifia ukawa kama fizi. Ubavuni ina kilango chembamba cha kioo, na nyuma ya kioo vifuniko vya chupa vimepangwa juu mpaka chini kama vifungo vya shati. Ina mkono wa chuma unaong'aa, pale tu ambapo watu walishika. Kwingine kote una kutu. Nikafikiria watu wangapi walishika pale mpaka chuma kikang'aa hivyo, na hakijaacha kung'aa, na wao hawapo. Kiwanda kizima kimekufa, mashine za kufuma zimeng'olewa, njiwa wamejaa darini, na hii imesimama inangoja mtu aje na sarafu.

"Baba," mwanangu akaniambia, "funga mdomo, vumbi litaingia."

Wapagazi tuliowakodi walikuwa sita, mbali na mkubwa wao, ambaye ni mwanamke. Mfupi, mabega kama meza, kitambaa kichwani, na kwenye kikapu ana miche ya sabuni ya kufulia, kama kumi hivi. Wanamwita Mama Sabuni. Aliizunguka ile mashine mara mbili. Akaipiga kofi ubavuni, akategea sikio. Akapiga chini. Akapiga mgongoni.

"Uzito uko mguuni, na umeegemea kushoto," akasema. "Huyu ni mia nne. Na chenji."

Mwanangu akacheka. "Mama, friji la milango miwili halivuki mia na hamsini. Mimi ndiyo kazi yangu."

"Mwanangu, hili si friji. Hili ni ng'ombe amevaa koti la friji."

Ndipo mwanangu akapiga magoti, akafungua kifuniko cha chini, akamulika tochi. Unajua yeye amezoea friji za siku hizi, bati juu na sponji ndani. Hii ilikuwa na mabamba ya chuma unene wa kidole, na chini kabisa walimwaga zege, ili mtu akiipiga teke apate chupa ya bure isimwangukie. Kosa la fundi hilo. Mtu asiyejua friji angeuliza uzito. Yeye hakuuliza kwa sababu anajua.

"Tuilaze basi," mpagazi mmoja akasema, "ikilala ni nyepesi kushika."

"Hailali!" mwanangu akaruka. "Ikilala, mafuta ya kompresa yanapanda kwenye mabomba. Nikiiwasha imekufa. Isimame tangu hapa mpaka nyumbani."

Mama Sabuni akamtazama, halafu akawatazama watu wake. "Mmesikia. Mgonjwa halali."

Mlango sasa. Mlango ulikuwa mwembamba kuliko mashine kwa vidole vitatu. Nadhani mashine iliingia kwanza, mlango ukajengwa baadaye. Fremu yenyewe ya mbao, imefungwa na skrubu, ukiifungua unapata nafasi na zaidi. Lakini bwana stoo wa kile kiwanda alikuwa amesimama pale na funguo zake, mwanaume mkimya, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni.

"Fremu haiguswi," akasema. "Ni mali ya jengo."

"Jengo linabomolewa lini?" mwanangu akauliza.

"Jumatatu."

"Na fremu?"

"Na fremu."

"Sasa?"

"Sasa hairuhusiwi kung'olewa bila barua ya meneja wa majengo."

"Yuko wapi nimfuate?"

"Alipunguzwa kazi mwaka juzi."

Mimi nikataka kusema maneno ya kizee, ya kubembeleza, lakini yule bwana hakuwa mbaya, ndiyo shida. Angekuwa anataka kitu kidogo angesema. Alikuwa na daftari la kutokea geti, miaka thelathini na moja analisaini yeye, na Jumatatu lile daftari linaenda na vifusi. Alitaka liishe sawasawa.

Mama Sabuni akamsogelea. "Bwana stoo, sisi hatung'oi. Tunafungua, tunapita, tunafunga. Skrubu utahesabu mwenyewe."

Akafikiria sana. "Mlango ukirudi mzima kama ulivyo, nasaini. Usiporudi, mashine haitoki getini."

"Uko radhi?"

"Niko radhi."

Skrubu zilikuwa ishirini na mbili. Aliziweka kwenye leso yake, moja moja, kadiri zilivyotoka.

Sasa hapa sikiliza, maana hata nikisimulia mara mia siwezi kuifikisha. Mimi nimebeba mizigo ujanani. Nilidhani najua kubeba. Wale watu hawakubeba. Walimwaga maji sakafuni, wakasugua mche wa sabuni kwenye mbao mbili ndefu mpaka zikateleza kama samaki, Mama Sabuni akaingiza mtaimbo chini ya mguu wa kushoto, akauegemea kwa kiuno, taratibu, kama mtu anayeegemea ukuta kupumzika, na ile mashine ikanyanyuka. Kidole kimoja. Wakasukuma ubao chini. Upande wa pili, kidole kimoja. Ubao.

Halafu akasimama mbele yake, anaitazama usoni, anarudi kinyumenyume, anaita kwa vidole.

"Vitatu!"

Wote sita, pumzi moja, hm! Mashine ikaja vidole vitatu.

"Viwili, kushoto."

Hm!

"Amekasirika huyo, mwacheni apumue... Haya, vitano!"

Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyekimbia. Kilo mia nne zinatembea zimesimama wima, sakafu ya maji inang'aa chini yake, na wekundu wake umegeuka chini kwenye maji, zikawa mashine mbili zinatembea. Njiwa wakanyamaza. Mtu wa chuma chakavu aliacha ndoo yake akaja mlangoni, kijiti kimesahaulika mdomoni. Nikamuuliza, "Umewahi kuona?" Akasema, "Mzee, mimi huwa navikata vipande."

Ilipita mlangoni na nafasi ya unyoya kila upande. Mama Sabuni hata hakutazama pembeni. Alikuwa anaongea nayo tu, "njoo, baba, njoo, usiogope," na mimi nasema kweli, nilitaka kuja mimi.

Kutoka pale mpaka jukwaa la kupakilia ni kama hatua sitini. Saa tisa kasorobo ndipo ilipofika jukwaani, wakaipitisha juu ya mizani ya chuma chakavu, maana daftari la geti linataka uzito. Mia nne na kumi. Mama Sabuni akanyoosha mkono kwa mwanangu, mwanangu akampa mkono wa kukubali.

Wakati huo Barafu ameshaegesha lori, mgongo wa boksi umegusa jukwaa. Akasoma namba ya mizani. Akasoma tena.

"Fundi, hii ndiyo mia na hamsini?"

"Kaka, nilikosea. Wallahi nilikosea, sikukudanganya."

"Mimi sisemi umenidanganya. Nasema dizeli haijui kama ulikosea. Ongeza nusu."

"Sina."

"Basi ongeza robo."

"Kaka, hapa nina hela ya hawa wapagazi na hela yako tuliyopatana. Mimi na baba hata nauli ya basi hatuna, tulikuwa tunataka kukuomba tukae huko nyuma na mzigo."

Barafu akakuna kichwa. Mtu mzuri, usimwone vibaya. Akasema, "Unajua mimi mwenyewe nakatwa? Mtambo ulipokufa nilikuwa na tani za aiskrimu. Zikayeyuka zote barabarani. Bosi anasema nilizembea, ananikata kila mwezi. Sasa nikichoma dizeli zaidi, atanikata na hiyo."

Mwanangu alikuwa anatazama juu, kwenye ule mtambo uliokaa paji la uso wa boksi, juu ya kichwa cha lori. Nikajua. Nilijua kabla hajafungua mdomo, maana hata akiwa mdogo hakuweza kupita redio iliyokufa.

"Huu ugonjwa wake nini?"

"Gereji walisema ubadilishwe wote. Bosi akasema hela hiyo hana."

"Walipanda juu kuangalia, au walisemea chini?"

"Walisemea chini."

"Nipe ngazi," mwanangu akasema. "Nikiutibu, tubaki kwenye bei yetu."

Basi yeye akapanda huko na bisibisi yake, na sisi chini kazi ikaendelea. Mashine ikaingia kwenye lori, vidole vitatu, vidole viwili, ikasimama katikati ya boksi, wakaifunga kwa kamba pembe zote nne. Halafu, na hili nalo nililitazama kama mtoto, Mama Sabuni na watu wake wakarudi kantini kufunga mlango. Bwana stoo akafungua leso. Skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja tundu lake. Moja ilikuwa imechakaa, haishiki. Mpagazi mmoja akachonga kijiti, akakitia kwenye tundu, skrubu ikauma. Mlango wa jengo linalobomolewa keshokutwa, na wanaufunga kama unaingiza bibi harusi. Bwana stoo akaufungua, akaufunga, akaufungua tena. Haukulia. Akasema, "Zamani ulikuwa unalia." Akatoa kalamu, akasaini.

Tuliporudi jukwaani tukasikia mngurumo. Barafu alikuwa amesimama ndani ya boksi mikono juu, kama anangoja mvua. Ubaridi ulikuwa unashuka kutoka darini, moshi mweupe mwembamba, unaizunguka ile mashine mabegani.

"Nyaya mbili," mwanangu akasema, anashuka ngazi, uso mweusi kwa masizi. "Panya walikula nyaya mbili."

"Miezi saba," Barafu akasema. "Miezi saba, panya!"

Akamshika mwanangu mkono wenye grisi kwa mikono yake miwili, akautikisa, akashindwa kuuachia. Sote tukafurahi. Wapagazi wakapiga makofi. Mimi nilimtazama mwanangu nikasema moyoni, huyu nimemzaa mimi? Na hakuna hata mmoja, si mimi niliyekula chumvi nyingi, si Mama Sabuni na masikio yake, aliyefikiria tumefanya nini.

Simu ya Barafu ikaita. Simu yake imeharibika sikio, anaongea kwa spika, kwa hiyo tulisikia wote. Ni bosi. Barafu akakimbia kwanza kuzima mtambo ili asikie vizuri.

"Uko wapi?"

"Napakia... nipo njiani kuondoka, bosi."

"Usiondoke. Kuna samaki hapo bandarini, boksi zima, wanatafuta gari la baridi, bei nzuri sana. Tafuta fundi yeyote, leo hii, autibu huo mtambo. Ukipona tu, upakie. Boksi zima, umenielewa? Na ukipata hao samaki, ile habari ya aiskrimu naifuta. Hukatwi tena. Sasa niambie, umeshaangaliwa na fundi?"

Ndipo tukaelewa. Lori lilikuwa la bei yetu kwa sababu limekufa. Likiwa hai, ni la samaki.

Nilimwona mwanangu anatazama sakafu. Mashine imeshafungwa kamba. Saa kumi na nusu. Ikishushwa hapo jukwaani, gari lingine halipo, na yule mtu na mizani yake yupo, maskini, naye ametazama pembeni kwa aibu. Mwanangu akamsogelea Barafu, akamnong'oneza, nilisikia, "Kaka, mwambie kweli. Una watoto."

Barafu alikuwa anatazama mashine. Sijui aliona nini. Najua mimi nilichoona siku ile, na yeye alikuwepo.

"We! Unanisikia?" bosi akapaza. "Fundi amekuja?"

"Amekuja, bosi."

"Ehe?"

"Ameshindwa."

"Ameshindwaje? Fundi gani huyo?"

"Mwanamke mmoja hivi, bosi."

"Aaah! Sasa wewe unampa mwanamke mtambo wangu, ulitegemea nini? Amegusa kitu? Asiwe ameniharibia! Usimlipe hata senti."

"Simlipi, bosi."

Mwanangu alikuwa ameuma mdomo wa chini, masizi yote usoni, na bisibisi imo mkononi bado. Mimi babake nilitaka kuinyang'anya ile simu. Mama Sabuni akanishika mkono, na mkono wa Mama Sabuni ukikushika umeshikwa.

"Basi rudi tupu," bosi akasema. "Na habari ya aiskrimu iko palepale. Tena mwezi huu naanza na dizeli." Akakata.

Halafu mwanangu akasema, taratibu, "Nimeshindwa?"

"Umeshindwa vibaya, dada yangu," Barafu akasema. "Tangu nianze kuendesha sijaona fundi aliyeshindwa namna hii."

Mama Sabuni ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka ameshika magoti, kitambaa kikamtoka, na wote tukafuata, mpaka mtu wa chuma chakavu, mpaka mimi, machozi yananitoka na sijui mengine yalikuwa ya nini. Mwanangu alicheka pia, lakini alichelewa kidogo.

"Na aiskrimu?" akamuuliza Barafu.

"Imebaki miezi tisa ya kukatwa. Nitaendelea kuila. Hiyo mashine kushushwa, sikubali. Nimeiona ilivyopanda."

Mwanangu akawalipa wapagazi, akaweka ya Barafu pembeni, na kilichobaki kilikuwa cha kununua maji ya njiani, basi. Mmoja wa wapagazi akaenda akarudi na sufuria kubwa, wali na maharage, imefunikwa sahani. Mama Sabuni akasema watu wake hawali mpaka mzigo usimame, na ukisimama hawali peke yao. Jukwaani hapakukalika, jua limechoma lile zege tangu asubuhi.

Barafu akatazama huku na huku. Akaenda mbele, akabonyeza, mtambo ukanguruma.

"Bosi hasikii sasa," akasema. "Ingieni."

Wakaingia mmoja mmoja, wale wapagazi, wanakanyaga kwa woga kama wanaingia nyumba ya mtu mkubwa. Mpagazi mmoja, mama mtu mzima, aliweka viganja vyake ukutani, kwenye lile bati jeupe, akaviacha hapo. Akasema miaka ishirini anapakia mafriji, kila ukubwa, na ndani ya ubaridi wake hajawahi kukaa. Pumzi zetu zilianza kuonekana. Mtu mzima anatoa pumzi, anaitazama, anaicheka. Wali ulikuwa unafuka moshi, na moshi wa wali ukapanda ukakutana na moshi wa ubaridi huko juu, kwenye mabega ya mashine, na sote tukabaki tunatazama.

Tukakaa chini tumezunguka sufuria, magoti yanagusana kwa baridi. Mtu wa chuma chakavu aliitwa, akaja na ndoo yake akaigeuza kiti. Mwanangu alinawa masizi, akakaa kati yangu na Barafu. Akabaki bwana stoo, amesimama jukwaani na daftari lake kwapani.

"Njoo, baba," Mama Sabuni akamwambia. "Umeshasaini, umeshafunga. Njoo."

Akatazama geti. Akatazama funguo. Akainama, akavua viatu vyake, akavipanga vizuri ukingoni mwa jukwaa, akaingia, akavuta mlango wa boksi nusu, akakaa. Ndipo tukala.